Mzee Anapokosa Choo

Mhadhara kwa wazee na walezi wao

Walezi mliokaa nyuma, sogeeni mbele, viti vipo. Mengi nitakayosema yanawahusu ninyi sawa na hao mliowasindikiza.

Walioniita waliniachia nichague mwenyewe jambo lolote la afya ya uzeeni. Wengine wangechagua presha au kisukari, na yangefaa. Mimi nimechagua choo. Katika kazi yangu ya uuguzi, wodini na majumbani, sijaona shida inayowatesa wazee kwa siri kama hii. Mzee atakusimulia goti, mgongo, usingizi ulioruka. La choo analificha hata kwa daktari. Binti yake anapiga simu kila jioni: mama, umekula? Dawa umekunywa? Choo hamwulizi, anaona haya, na mama naye anaona haya kulitaja mbele ya mwanawe. Wiki inapita hivyo, na ya pili inaingia.

Leo nitataja kila kitu kwa jina lake. Naomba radhi mara moja kwa yote.

Hoja yangu ni moja. Ni kweli kwamba utumbo wa mtu mzima unapunguza kasi miaka ikisonga. Lakini wazee wengi ninaowakuta na shida hii hawakuanzia tumboni. Walianza kwa kubana haja. Wakabana leo, wakabana kesho, kwa sababu choo kiko mbali, au kinateleza, au goti halikunjiki, au mtu wa kuwashika mkono hayupo na wanaona haya kumwita. Mwili ukazoea kubanwa. Sisi tukaja baadaye na dawa za kuharisha, ilhali mlango wa choo na njia ya kuufikia vimebaki vilevile.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Si lazima mtu apate choo kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, kama choo ni laini na kinatoka bila kusumbua, huyo ni mzima. Mwenye shida ni yule anayekwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au anayekwenda kila siku lakini anajikamua mpaka jasho linamtoka, au anatoa vigololi vikavu, au anainuka akihisi bado kuna kilichobaki. Hali hiyo ikiendelea miezi, tunasema amefunga choo kwa kudumu. Kule Bristol, Uingereza, Lewis na Heaton walitoa mwaka 1997 mchoro wa aina saba za choo, kuanzia vigololi vilivyotengana hadi majimaji matupu. Mchoro huo unatumika hospitalini dunia nzima, maana ukitazama choo unajua kama kimekaa sana ndani au kimepita upesi. Aina ya tatu na ya nne, mfano wa soseji, yenye nyufa kidogo au laini kabisa, ndiyo tunayoitaka. Kwa hiyo mlezi anapomwuliza mzee, asiishie kwenye "umepata?" Aulize pia: kilikuwa kigumu? Ulijikamua?

Hofu moja kubwa ya wazee wetu, na sasa hata ya vijana, ni kwamba choo kikikaa tumboni sumu yake inarudi kwenye damu. Ndipo watu wanaposafisha tumbo kila mwezi kwa sanamaki, shubiri au mafuta ya mbarika. Hofu hiyo ilikuwepo Ulaya pia, na iliwafikisha pabaya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Arbuthnot Lane, daktari bingwa wa upasuaji huko London, aliiamini kiasi cha kuwakata wagonjwa wake utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo tu. Mwaka 1919 daktari Mmarekani Walter Alvarez alionyesha jambo lililoangusha nadharia hiyo: ukijaza pamba kwenye puru la mtu mzima wa afya, anapata maumivu yale yale ya kichwa, uzito ule ule wa mwili na ulegevu ule ule vilivyodaiwa kuletwa na sumu. Ukiitoa pamba anapata nafuu hapo hapo. Pamba haina sumu. Na kama ingekuwa ni sumu ndani ya damu, isingeondoka kwa dakika chache. Kinachomchosha mzee ni ule mkandamizo wa kujaa. Mateso yake ni ya kweli kabisa; maelezo yake ndiyo yaliyokosewa.

Nimelikalia hili kwa sababu mazoea ya kusafisha tumbo yanazaa shida yake. Ukinywa dawa kali ya kuharisha, utumbo mpana wote unamwagika. Baada ya hapo hakuna choo siku mbili au tatu, kwa sababu hakuna cha kutoka. Inabidi ujae upya. Mzee anaingiwa na wasiwasi, anasema "nimefunga tena", anakunywa dozi nyingine. Mzunguko huo nimewakuta nao wazee waliouishi miaka, wakipoteza maji na chumvi za mwili, wakizidi kudhoofu.

Sasa tutazame utumbo unavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye msaada. Usiku utumbo mpana unapumzika. Tukiamka unaanza kucheza, na chakula kikiingia tumboni asubuhi unasukuma kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Nusu saa baada ya chai ya asubuhi ndiyo saa ya dhahabu. Kinyesi kinashuka kwenye puru, puru linatanuka, mtu anasikia haja. Akienda, kazi imekwisha kwa urahisi. Akibana, haja inapoa, kinyesi kinarudi kukaa, na utumbo, ambao kazi yake mojawapo ni kunyonya maji, unaendelea kukikausha. Kesho kitakuwa kigumu zaidi. Mtu akibana hivyo miezi na miezi, puru linazoea kutanuka, na hata ile habari ya "nenda sasa" haimfikii tena kwa nguvu.

Niliwahi kumhudumia baba mmoja mzee sana aliyepooza kidogo upande mmoja baada ya kiharusi. Alikuwa akikaa na mwanawe katika nyumba nzuri. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, nje, ng'ambo ya ua, na sakafu yake ya saruji ilikuwa na maji muda wote kwa sababu ndipo walipoogea. Kila asubuhi aliletewa chai na mkate, watu wakaondoka kwenda kazini, akabaki na mjukuu wa shule ya msingi likizo, na siku za shule peke yake. Alikuwa amejiwekea utaratibu wake: chai nusu kikombe, maji ya kumezea dawa tu, basi. Nilipomwuliza kwa nini hanywi maji akanijibu kwa utulivu, "Mwanangu, nikinywa nitataka kutoka. Nikitoka nitaanguka. Nikianguka nitawapotezea watu kazi." Alikuwa anapata choo mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili, mwanawe anaposhinda nyumbani. Mezani palikuwa na chupa tatu za dawa za kulainisha choo.

Mzee huyo hakuhitaji chupa ya nne. Fundi alichukua kiti cha mbao kigumu, akakitoboa katikati, akakipigilia mikono imara pembeni, ndoo yenye mfuniko ikawekwa chini. Kikawekwa chumbani kwake nyuma ya pazia. Mwanawe akakubali kuamka mapema, ampe chai kabla hajatoka, akae naye karibu. Maji yakaongezwa. Dawa moja ikaendelea, nyingine zikaachwa kwa ushauri wa daktari. Wiki chache baadaye alikuwa anapata choo siku moja baada ya nyingine.

Kuna wanaoamini choo cha kukaa ndicho cha wazee na cha kuchuchumaa kimepitwa na wakati. Kwa goti bovu, ni kweli. Kwa utumbo, kuchuchumaa ni bora. Msuli mmoja unaozunguka puru hulivuta mbele likapinda, na kupinda huko ndiko kunakotuzuia kujichafua tukiwa tumesimama. Ukichuchumaa, lile pindo linanyooka na njia inafunguka. Ukikaa wima kwenye choo cha kukaa halinyooki sawasawa, ndiyo maana mtu anajikamua. Dawa yake ni kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu kidogo kuliko nyonga, mwili uinamie mbele, viwiko juu ya mapaja. Pumua taratibu, lilegeze tumbo, usizuie pumzi. Kujikamua kwa kuzuia pumzi kunapandisha presha kisha kunaishusha ghafla, na wapo wazee wanaozimia chooni kwa sababu hiyo. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka, utarudi kesho baada ya chai. Kwa wenye choo cha kuchuchumaa, chuma au ubao imara ukutani wa kushikia, taa, na sakafu kavu ni tiba kamili, wala sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Chakula. Hapa Afrika Mashariki tuna historia ambayo tunapaswa kuijua. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi kwa miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamkumbuka kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Baadaye alishughulika na choo. Yeye na wenzake waliwapa watu punje ndogo za plastiki zinazoonekana kwenye eksirei, wazimeze, kisha wakakusanya vinyesi na kuvipiga picha kujua punje zimetoka lini. Mwaka 1972 walichapisha matokeo. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi, na kinyesi cha siku kilizidi gramu 400. Kwa Waingereza waliopimwa safari ilichukua kama siku tatu, na kinyesi kilikuwa na gramu 100 na kidogo. Tofauti aliyoiona Burkitt ilikuwa nyuzinyuzi za chakula, zile sehemu za mmea ambazo tumbo halizisagi. Baadhi ya magonjwa aliyoyafungamanisha nazo hayakuthibitika kama alivyodhani, lakini kwa choo hoja yake imesimama.

Wanavijiji wale ni rika la wazazi wa wazee wa leo. Sasa tazama sahani ya mzee mjini: asubuhi chai ya maziwa na mkate mweupe, mchana wali au ugali wa sembe na mchuzi, jioni mabaki. Sembe imeondolewa pumba na kiini. Dona ina vyote. Na tusimlaumu mzee kwa kuchagua laini. Fungua kinywa chake uone meno mangapi yamebaki. Asiye na meno hatafuni kisamvu kilichopikwa haraka wala kachumbari. Mpikie kwa namna atakayoweza: mchicha au matembele yaliyokatwa madogo na kupikwa mpaka yakalainika, bamia, maharage au kunde zilizopondwa, uji wa ulezi usiochujwa, kiazi kitamu, papai bivu, embe, ubuyu uliokorogwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Ongezeni polepole, wiki kwa wiki, la sivyo tumbo litajaa gesi na mzee atakataa kila kitu.

Nyuzinyuzi zinataka maji. Uzeeni kiu inapungua, mwili unaweza kukauka na mtu asihisi, kwa hiyo kikombe kiwekwe karibu naye na apewe bila kusubiri aombe. Ila kumnywesha maji ndoo nzima mtu ambaye hajakauka hakutamlainishia choo. Na mwenye moyo kujaa maji au figo dhaifu asiongeze maji kabla ya kuzungumza na daktari wake. Vilevile mgonjwa wa kitandani asiyejigeuza, ambaye puru lake tayari limejaa, usimwongezee pumba, utamzibia zaidi.

Kutembea kunasaidia, hata kama ni kuzunguka ua mara kadhaa akishikilia fimbo. Asiyeweza kutembea akandwe tumbo: anzia chini kulia, panda hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, shuka hadi chini kushoto. Ndiyo njia ya utumbo mpana. Mkono uwe mzito kiasi na usimwumize.

Sasa leteni mfuko wa dawa. Nasema mfuko kwa sababu wazee wengi wanautunza, na humo ndimo nusu ya jibu inamolala. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vinakausha choo. Tramadoli, kodeini na morfini zinapunguza mwendo wa utumbo kwa karibu kila anayezitumia, na tofauti na kichefuchefu chake, hili haliondoki kwa kuzoea. Mgonjwa wa saratani anayepewa morfini anapaswa kupewa dawa ya choo siku hiyo hiyo. Baadhi ya dawa za presha, hasa verapamili, zinafunga choo. Amitriptilini wanayopewa wenye miguu kuwaka moto, dawa za mafua zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za kiungulia, zote zimo. Nakusihi usiache dawa ya presha kwa sababu ya mhadhara huu. Beba mfuko wote, nenda nao kwenye dirisha la wazee hospitalini, waulize: katika hizi, ipi inanifunga choo, na ina mbadala? Mwulizeni daktari pia kuhusu kisukari na tezi ya shingo, maana navyo vinaweza kufunga choo. Ugonjwa wa Parkinson nao unaweza kujitangaza kwa kufunga choo miaka kabla mikono haijaanza kutetemeka.

Kuna jambo moja ambalo walezi lazima walishike, na ndilo lililonifanya nichague mada hii. Bibi mmoja aliletwa wodini na binti yake akiwa "anaharisha". Maji ya kahawia yalikuwa yanamtoka kidogo kidogo, bila yeye kujua, siku kadhaa. Nyumbani walimpa maji ya mchele, kisha vidonge vya kuzuia kuharisha. Alikuwa hali, amechanganyikiwa, anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mkojo haukutoka tangu jana yake. Nilipomgusa tumbo chini kushoto nilisikia vitu vigumu vimepangana. Daktari alipopima kwa kidole, puru lilikuwa limejaa kinyesi kigumu kama udongo uliokauka. Yale maji yalikuwa yanapita pembeni ya kizuizi. Hakuharisha hata kidogo. Alikuwa amefunga choo kwa muda mrefu, na vile vidonge vilizidi kumfunga. Puru lililojaa lilikuwa limekandamiza njia ya mkojo. Tulimlainisha kwa mafuta, tukamtoa kinyesi kidogo kidogo kwa kidole chenye glavu, tukampumzisha, tukaendelea siku ya pili. Mkojo ulifunguka. Na akili ikarudi; alimwita binti yake kwa jina lake.

Basi mzee aliyekuwa hapati choo akaanza ghafla kuvuja majimaji, usimpe cha kuzuia kuharisha mpaka mtu wa afya ampime puru. Kipimo hicho kinakataliwa sana, hasa na baba zangu. Ni cha dakika moja, na hakuna kifaa kinachokishinda kwa kazi hiyo.

Dawa za choo zina mahali pake, na mzee mwenye shida ya kudumu anaweza kuzihitaji kila siku kwa muda mrefu bila aibu yoyote. Laktulosi inavuta maji ndani ya utumbo, inachukua siku moja hadi mbili, kwa hiyo ukiinywa leo usiilaumu leo. Bisakodili na sanamaki zinausukuma utumbo. Ukinywa usiku, kazi inaonekana asubuhi. Sanamaki ya dukani kwa wauza dawa za asili ni dawa hasa, ile ile iliyomo kwenye vidonge vya famasia, tofauti ni kwamba ya majani huwezi kujua umekunywa kiasi gani. Dozi ndogo iliyopimwa, kwa mpangilio, inashinda dozi kubwa ya mara moja kwa mwezi. Dawa zenye magnesi asipewe mwenye figo mbovu. Na enema za nyumbani za maji ya sabuni au mizizi ziacheni kabisa. Nimeona zinavyounguza ndani.

Zipo dalili ambazo hazisubiri papai wala kigoda. Damu kwenye choo, hata kama mtu ana bawasiri za siku nyingi. Kukonda bila sababu, kupungukiwa damu. Mtu wa miaka zaidi ya 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla baada ya maisha yote ya kuwa sawa. Huyo achunguzwe saratani ya utumbo mpana. Na yule ambaye tumbo limevimba, linauma, anatapika, choo hakitoki wala hewa haitoki: utumbo unaweza kuwa umejisokota, jambo linalowapata sana wanaume katika nchi zetu. Huyo usimpe dawa yoyote ya kuharisha. Ni hospitali, usiku ule ule.

Mnaolala na mgonjwa wa kitandani, tundikeni kalenda ukutani na mweke alama kila siku anayopata choo. Siku tatu zikipita bila alama, mwambieni muuguzi au daktari, msingoje ya saba.

Najua maswali mengi hayaulizwi kwenye kipaza sauti. Tumeomba vyumba viwili vya pembeni. Mama zangu, mimi nitakuwa chumba cha kushoto. Baba zangu, mwenzangu wa kiume yupo cha kulia. Tutakaa mpaka wa mwisho amalize, na aliyekuja na mfuko wake wa dawa aingie nao.